Niliwadanganya Vijana Wangu Ili Wakasirike

Mabao mawili tuliyofunga kabla ya mapumziko siku ile ndiyo mazuri zaidi kuwahi kufungwa na timu yangu, na yote mawili yalitokana na uongo.

Mimi ni fundi wa friji hapa Kisumu. Tangu 2015 nimekuwa nikifundisha soka timu ya vijana wa chini ya miaka 18 huku mtaa wa Nyalenda, kazi ya jioni isiyo na mshahara. Jezi tulinunua kwa mchango. Mipira ilikuwa miwili, mmoja umeshonwashonwa na fundi viatu hadi ukawa unajipinda wenyewe hewani. Desemba 2019 tuliingia mashindano ya mtaani, yale ya msimu wa sikukuu ambapo kila mtu yuko nyumbani na kiwanja hufurika, tukafika fainali. Mshindi angepata mbuzi, seti ya jezi na shilingi 20,000. Wapinzani wetu walitoka mtaa wa Manyatta, na mwaka huo walikuwa wametufunga mara mbili, 3–0 na 4–1.

Vijana wangu waliwaogopa. Mchezaji mwenye hofu utamjua kwa kamba za njumu: anafunga, anafungua, anafunga tena. Saa tisa kasorobo, robo saa kabla ya mechi, karibu wote walikuwa wameinamia kamba.

Nikawaita nyuma ya ukuta. Nikawaambia kwamba nahodha wa wale, namba 8, alisikika kinyozini jana yake akisema hawezi kutoa jasho kwa ajili ya watoto wa maji taka, ambao mama zao huoshea sufuria mtaroni.

Hakusema. Sikuwa nimewahi hata kuzungumza na yule kijana. Maneno niliyatunga pale pale, na nikawaingiza mama makusudi, kwa sababu nami nimelelewa Nyalenda na najua panapouma. Kamba zikasahaulika. Nahodha wetu, beki wa kati wa miaka 17, mtoto mpole ambaye mazoezini huomba radhi hata akikukanyaga kivuli, alinitazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake. Nilifurahi. Nilisema moyoni: leo kuna mechi.

Na kweli ilikuwepo. Dakika ya 9 bao, dakika ya 26 la pili, mashabiki wakaingia kiwanjani kucheza. Dakika ya 31 nahodha wetu akapewa kadi ya njano kwa kumvaa namba 8 kutoka nyuma, nami nikampigia makofi. Wakati wa mapumziko hakuketi wala hakunywa maji. Nilimuuliza swali, akanijibu kwa neno moja bila kunitazama. Hizo ni dalili tatu, na kocha anayesoma hapa azishike: asiyekaa, asiyekunywa, asiyekutazama. Mwenye dalili hizo na kadi ya njano juu, mtoe. Nilikuwa na beki wa akiba amevaa na yuko tayari. Sikumtoa.

Kipindi cha pili mpira ulituponyoka mikononi. Walipata penalti kwa rafu isiyo na maana, kisha wakasawazisha kwa sababu mabeki wangu wawili walikuwa wanamfuata mtu badala ya kuufuata mpira. Kama dakika ya 70 hivi, namba 8 aliuwahi mpira katikati ya kiwanja, akiwa ametugeuzia mgongo. Nahodha wetu alitoka mbali, akateleza kwa miguu miwili. Sote tuliusikia mlio. Umewahi kuuvunja muwa kwa goti? Ndio huo.

Niseme tulivyokosea hapo, kwa sababu hili halihitaji falsafa. Watu wanne walimwinua yule namba 8 kwa mikono na miguu kama gunia, mguu uliovunjika ukining'inia. Mmoja akaivuta njumu kwa nguvu. Sanduku la huduma ya kwanza halikuwepo, wala gari. Tulimpakia kwenye tuktuk, amekunjwa, na kila shimo la barabara alilia upya. Mguu uliovunjika hausogezwi kabla haujafungwa pamoja na kitu kigumu, ubao au hata katoni iliyokunjwa, kuanzia juu ya goti hadi chini ya kifundo. Na mgonjwa husafirishwa amelala. Siku hizi sianzi mechi kabla sijamwona kwa macho yangu mwenye gari, na namba yake iko kwenye simu za watu watatu.

Hospitalini mama wa namba 8 alifika kutoka soko la Kibuye, mikono bado inanuka omena, dagaa wa ziwani. Alisimama karibu na kitanda, akalifungua fundo la leso na kuanza kuhesabu noti: za mia, za hamsini, moja ya mia mbili. Nahodha wangu alikuwa amekuja nami, jezi bado ina vumbi. Akapiga magoti.

"Mama, nisamehe. Lakini alituanza. Aliwatukana mama zetu."

Yule mama akaacha kuhesabu. Akamgeukia mwanawe. "Ulisema hivyo?"

"Nilisema nini?" kijana akauliza. Hakuwa anakana. Alikuwa anauliza kweli.

Kisha wote watatu wakanitazama mimi, na mimi nikaitoa simu mfukoni nikajifanya kuna ujumbe.

Nilikaa kimya siku tisa. Gharama ziliendelea kuhesabika: upasuaji, vyuma vya kuunga mfupa, kitanda, dawa, jumla 86,500. Kadi ya bima ya baba yake ilikuwa imekaa miezi kadhaa bila kulipiwa. (Wakati wa kumsajili mchezaji, muulize mzazi kuhusu bima. Ni swali la aibu kidogo, lakini liulize.) Niliuza friji mbili nilizokuwa nimezitengeneza nikisubiri wateja, nikatoa 40,000. Timu zote mbili zilichangisha 21,000. Zilizobaki, 25,500, yule mama alizikopa kwenye chama chake cha kuweka na kukopa. Watu walinisifu kwa moyo wa utoaji. Sifa hizo zilinichoma kuliko tusi lolote.

Siku ya kumi niliwakusanya vijana chini ya mwembe tunaopumzikia, nikawaambia ukweli. Nilitarajia kelele. Hakuna aliyepiga kelele. Nahodha alivua jezi, akaikunja vizuri kama inavyokunjwa nguo ya dukani, akaiweka chini mbele yangu na kuondoka kifua wazi. Kisha nikaenda Manyatta. Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Kumbe ndiyo maana," akarudi kuanika omena.

Baadaye nilikuja kujifunza falsafa ya hasira, ingawa sikuitafuta. Januari nilikwenda kutengeneza friji ya mwalimu mmoja mstaafu, mzee aliyesomea upadre kwa miaka kadhaa kabla ya kuamua kuoa. Alinitazama nikikaza skrubu.

"Kijana wangu," akasema, "hiyo skrubu imekukosea nini?"

Nikajikuta namsimulia yote. Hakunihukumu. Aliniuliza kama namjua Aristotle. Nikamwambia nalijua jina. Akaniambia kwamba huyo mwanafalsafa Mgiriki wa kale aliielezea hasira hivi: ni tamaa ya kulipiza, pamoja na uchungu, kwa sababu mtu anaona amedharauliwa bila haki, yeye au watu wake. "Sikiliza hapo," mzee akasema. "Anaona. Si lazima awe amedharauliwa. Inatosha aone hivyo. Na unajua aliyaandika hayo wapi? Katika mafundisho ya wasemaji, jinsi ya kuwawasha wasikilizaji. Wewe ulikuwa mwanafunzi wake bila kulipa karo."

Tulicheka, lakini nilirudi nyumbani na kitu kipya. Siku zote niliichukulia hasira kama mvuke, kitu kinachopanda chenyewe mwilini. Kumbe ndani yake mna habari, na habari huwa ya kweli au ya uongo. Vijana wangu hawakuwa wendawazimu siku ile. Kama maneno yale yangekuwa ya kweli, hasira yao ingekuwa na msingi. Mimi niliwapa noti bandia, nao wakaenda kununua nayo.

Machi 2020 korona ikaingia, michezo ikafungwa, kazi ikapungua. Nilikwenda kwa Mwalimu karibu kila wiki, tukikaa mbalimbali barazani na barakoa zetu. Alinisomea Seneca, mwanafalsafa Mroma aliyeandika vitabu vitatu juu ya hasira akimwandikia ndugu yake. Kuna mahali anajibu hoja ya wanaosema hasira humsaidia mpiganaji. Anasema hata wapiganaji wa ulingoni, wale wa Roma, hulindwa na ufundi wao, na hasira huwaacha wazi. Nilimwomba arudie. Nilikuwa nimeuona ushahidi kwa macho: dakika 45 za kwanza hasira ilitupa miguu, dakika 25 zilizofuata ikatunyang'anya macho. Mabeki waliacha kuuona mpira.

Dawa kuu ya hasira kwa Seneca ni kuchelewa. Usiizuie, icheleweshe tu. Hilo nimelifanya kanuni kwenye timu: ukichezewa rafu, kabla ya kusema au kufanya chochote, inama uvute soksi zote mbili hadi gotini. Na nahodha peke yake ndiye anayezungumza na refa. Watu hucheka wakiona timu nzima inavuta soksi, lakini msimu uliofuata tulimaliza bila kadi nyekundu hata moja. (Seneca mwenyewe, kwa taarifa yako, alikuwa mwalimu wa Nero, aliyekuja kuwa kaisari wa Roma, na mwaka 65 Nero huyo huyo akamwamuru ajiue. Kocha yeyote atamwonea huruma.)

Lakini sikubaliani naye kwa yote. Yeye anataka hasira ing'olewe kabisa, na hapo naona anazungumza kama mtu asiyewahi kuona mtoto akipigwa teke makusudi huku refa akiangalia pembeni. Hata ule msemo wetu wa hasira hasara nimeanza kuuona mfupi mno. Aristotle anakuwa karibu zaidi na kiwanja: kukasirika ni rahisi, kila mtu anaweza, kazi ni kumkasirikia anayestahili, kwa kiasi kinachofaa, kwa wakati na kwa sababu inayofaa. Mimi siku ile nilistahili kukasirika. Mashindano yenye kiingilio cha timu 16 hayakuwa na hata bendeji! Na wa kwanza kukasirikiwa kwa hilo nilikuwa mimi, niliyewapeleka watoto bila kuuliza.

Tulibishana pia juu ya Zidane, nahodha wa Ufaransa. Nilikuwa mvulana wa sekondari mwaka 2006, tumebanana kwenye banda la video, alipompiga Materazzi wa Italia kichwa cha kifua katika muda wa nyongeza wa fainali ya Kombe la Dunia, mechi yake ya mwisho. Italia ikashinda kwa penalti. Materazzi alikuja kukiri kwamba alimtukania dada yake. Nilimuuliza Mwalimu: je, hasira hiyo si ilikuwa na habari ya kweli? Akasema ndiyo, tusi lilikuwepo. Kosa lilikuwa kwenye kipimo na wakati. Wafaransa wenzake hawakumtukania dada, lakini wao ndio waliolipa. Bado sijui kama ningemlaumu mbele ya mama yake.

Kitu kilichonibadilisha zaidi, hata hivyo, hakikutoka Ugiriki wala Roma. Mwalimu aliniuliza tofauti ya kushinda na kushindana. Nikamwambia moja ni matokeo na jingine ni mchezo. Akatikisa kichwa. "Angalia mwisho wa neno. Kupenda, kupendana. Kusaidia, kusaidiana. Kushinda unaweza kushinda hata njaa, peke yako chumbani. Kushindana lazima muwe wawili, na kila mmoja ampe mwenzake nafasi ya kumshinda. Ndiyo maana wakasema asiyekubali kushindwa si mshindani."

Methali hiyo nimeisikia tangu darasa la kwanza, na siku zote niliichukua kama pole ya waliofungwa. Sikuwahi kuiona kwamba inaeleza kazi yenyewe. Yule namba 8 ndiye aliyekuwa ananipa fainali. Bila yeye ningekuwa na vijana kumi na mmoja wanaokimbia uwanjani bila sababu. Nikamwambia Mwalimu, basi Kipchoge, mwanariadha wetu, kule Vienna Oktoba 2019 alishindana na nani, mbona alikimbia marathoni kwa 1:59:40 bila mpinzani? Akafikiri. Akasema mwenyewe hajui, ila aliona kwamba waliomkinga upepo siku ile, 41 kwa zamu, walikuwa wakimbiaji wakubwa, na baadhi yao siku nyingine ni wapinzani. Wagiriki wa kale, aliongeza, walikuwa na mshairi aitwaye Hesiod aliyesema Ugomvi ni dada wawili: mmoja huleta vita, mwingine humfanya mfinyanzi akazane akimwona mfinyanzi mwenzake anafanya vyema. Mimi nilimwalika yule dada mbaya, nikamvisha jezi.

Na sisi wa huku tunajua haya bila kusoma. Gor Mahia na AFC Leopards, klabu kubwa za soka za Kenya, wakikutana tunaiita mechi ya mashemeji, kwa sababu Wajaluo na Waluhya wameoana mno. Unamzomea mtu dakika 90, jioni unakula kwake. Vurugu zimewahi kutokea, sitadanganya. Lakini jina lenyewe linakukumbusha kwamba Jumatatu ipo. Shemeji humvunji mguu.

Tuliporudi mazoezini niliacha hotuba za kuwasha moto. Jumamosi nyingine badala ya kukimbia nilikuwa nawapa kisa tubishane. Kilichowagawa zaidi ni cha Abel Mutai. Desemba 2012, miezi michache baada ya kupata shaba ya mbio za kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya London, Mkenya huyo alikuwa anaongoza mbio za nyika huko Burlada, Uhispania. Akadhani amefika, akapunguza mwendo mita kama kumi kabla ya utepe. Mhispania Iván Fernández Anaya, aliyekuwa wa pili, angeweza kumpita. Alibaki nyuma yake akimwashiria aendelee hadi amalize wa kwanza. Kocha wake, Martín Fiz, bingwa wa dunia wa marathoni 1995, alisema wazi kwamba yeye asingefanya hivyo.

Kipa wetu akasema Fiz yuko sahihi, kwani kujua utepe uko wapi ni sehemu ya mbio. Winga mmoja mdogo, ambaye huzungumza mara moja kwa mwezi, akasema, "Sasa angekuwa amemshinda kwa kitu gani? Kwa kusoma alama?" Wakabishana hadi giza. Mimi ninachompendea Fernández Anaya ni jambo jingine: alikiri kwamba kama ingekuwa medali ya dunia au ya Ulaya, huenda angempita. Hakujifanya malaika. Niliwaambia vijana hivyo, na nikawaambia kwamba mimi kwa mbuzi na 20,000 nilifanya nini.

Sheria ninayoifuata sasa ni moja, na ni ngumu kuliko inavyosikika: sisemi juu ya wapinzani jambo ambalo siwezi kulisema wakiwa wamesimama hapo. Mechi mbili za kwanza tulifungwa. Vijana waliingia baridi, nami nilitamani sana kuongeza chumvi. Moto wa uongo huwaka haraka, nani asiyejua? Wa kweli inabidi uwe na kuni, yaani mazoezi, na umjue mpinzani kwa undani hadi umheshimu. Siku hizi natuma mtu akaangalie mechi zao, analeta karatasi.

Yule kijana wa Manyatta vyuma vilitolewa, anatembea sawasawa, hachezi tena ushindani. Huja kushika kibendera. Ananisalimia kwa adabu, "Kocha, habari ya leo," na kila mara mimi ndiye ninayetazama chini.

Nahodha wangu hakurudi. Aliingia kwenye boda. Mwaka jana alianza kutubebea mipira na koni hadi kiwanjani, bila kutoza nauli, lakini alikuwa akishusha mzigo pikipiki ikiwa inanguruma, kisha anageuza na kuondoka kabla ya filimbi. Jumapili moja alishusha, akakaa kidogo juu ya kiti.

"Kocha. Leo umewaambia nini juu ya wale?"

Nikamwambia neno kwa neno: kwamba winga wao wa kushoto, namba 11, ndiye mwenye kasi kuliko mtu yeyote tutakayekutana naye mwaka huu, na kwamba beki wetu akimfuata kwa hasira atabaki anatazama mgongo wake.

"Ni kweli?"

Nikamwonyesha kijana mwenyewe, ng'ambo ya kiwanja, akipasha misuli. Alimtazama mbio mbili, tatu. Kisha akazima pikipiki.